Jirani Yangu wa Kiti Anasoma Nini?

Abiria anayekusudia kusoma ndani ya basi la asubuhi kutoka Mbeya kwenda Iringa hutambulika kabla hajafungua kitabu chenyewe. Huomba kiti cha dirishani upande wa kushoto, ambako jua la asubuhi halimpigi usoni, na ikiwezekana safu kadhaa nyuma ya televisheni, kwa sababu basi likishapita Uyole filamu ya kwanza huanza na sauti yake haimwachi mtu asome kwa raha. Kisha huweka kitabu mapajani kikiwa kimefungwa, akisubiri kondakta amalize kukagua tiketi. Mimi hutazama hatua zote hizo. Nauza dawa za mifugo, na kazi hiyo imenifanya niishi nusu ya maisha yangu barabarani kati ya Mbeya, Makambako, Njombe na Iringa. Wenzangu katika safari hizo hulala, mimi hutazama vitabu vya watu nisiowajua.

Nilianza kwa udadisi tu, lakini kadiri muda ulivyokwenda udadisi huo ulinifanya nitilie shaka usemi unaorudiwa kila mahali, kwamba ukitaka kumficha Mtanzania jambo, liandike kitabuni. Usemi huo hutolewa kwa mzaha, na hutolewa zaidi na watu waliosoma, ambao kwao msomaji ni mtu wa aina moja: yule aliyekaa kimya na riwaya mkononi bila kulazimishwa na mtu. Kwa kipimo hicho wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini ni wachache kweli. Hata hivyo, kwenye mabenchi ya hospitali, vibaraza vya maduka, foleni za benki na stendi za mabasi, nimeona karatasi zenye maandishi mikononi mwa watu wengi kuliko usemi ule unavyokiri, na kilichonivutia zaidi ni namna watu hao wanavyovificha vitabu vyao, au wanavyovigawana na jirani ambaye hawajawahi kumwona.

Kikwazo cha kwanza kwa mtu mwenye tabia kama yangu ni kava. Tangu darasa la kwanza tulifundishwa kwamba kitabu hufunikwa kwa karatasi ya kaki au kwa gazeti siku kinapopatikana, na mazoea hayo hayaishi mtu anapomaliza shule. Wapo wanaofunika kwa kutunza, kwa kuwa kitabu hicho kitasomwa na wadogo zao baada yao. Wapo pia wanaofunika kwa kusitiri. Mwanamume mmoja aliyepandia Igawa alikuwa na kijitabu kilichofunikwa kwa ukurasa wa michezo, akakisoma kwa makini hadi tulipokaribia Makambako, na upepo wa dirishani ulipofunua kava hilo nikaona kwamba kilihusu nguvu za kiume. Niligeukia mashamba ya alizeti upesi, maana kuna mambo ambayo mwanamke wa umri wangu hapaswi kuonekana ameyaona.

Kava lakini si ukuta. Mtu akizoea, ukurasa wa ndani humwambia mengi. Tamthilia hujitambulisha yenyewe kwa majina ya wahusika yaliyopangwa pembeni. Mashairi ya kimapokeo yana mistari inayolingana urefu, yenye kipande kabla ya mkato na kipande baada yake. Biblia ina safu mbili na karatasi nyembamba. Tafsiri ya Kurani ina maandishi ya aina mbili yanayotazamana. Kitabu cha sheria kimejaa namba na mabano, na msomaji wake mara nyingi ana kesi ya ardhi. Vitini vya chuo huonekana kwa waya wa plastiki uliopita mgongoni. Hivyo vya mwisho ni vingi mno, kwa sababu karibu na kila chuo kuna safu ya steshenari zenye mashine za kutoa kopi, na humo kitabu kizima huingia asubuhi na kutoka jioni kikiwa nakala nyingi zisizo na jalada, jina likiwa limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Mwandishi hapati hata senti katika biashara hiyo, na mwanafunzi hawezi kukinunua kitabu halisi. Sijasikia bado mtu aliyewatazama wote wawili machoni akatoa suluhisho.

Vitabu vya mitihani ndivyo vinavyotawala macho ya msafiri. Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia na Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji. Iringa ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha, na hapo sijataja shule za bweni zilizotapakaa kutoka Rungwe hadi Mufindi. Ukimkuta msichana wa sekondari amezama kwenye riwaya ndani ya Coaster ya Njombe, hutakosea sana ukidhani kwamba riwaya hiyo imo katika orodha ya mtihani. Kwa miaka mingi niliyoiona zaidi ilikuwa Takadini ya Ben Hanson, habari ya mtoto aliyezaliwa na ualbino na mama yake anayetoroka naye ili asiuawe. Niliwahi kumwuliza msichana mmoja aliyekuwa akiisoma kama inamfurahisha.

Akanijibu kwa heshima, “Mama, dhamira zipo sita.”

Akanitajia zote, kwa mpangilio, kama alivyofundishwa. Jibu hilo lilinikera kwa niaba ya mwandishi, na bado sidhani kwamba kosa lilikuwa la msichana. Mtoto akisoma kila kitabu akiwa na kalamu ya kupigia mistari penye dhamira, atajua kwamba kitabu ni kitu cha kuvunwa na kuachwa. Lakini sikuacha kumtazama. Tulipopita njia panda ya Makambako na kushika barabara ya Njombe, kalamu yake ilikuwa imelala wazi kwenye kiti bila kifuniko, naye alikuwa akifungua kurasa bila kupiga mstari wowote, na konda alilazimika kumwita mara mbili alipodai nauli.

Usomaji wa lazima una uwanja wake mwingine, nao ni usaili wa ajira. Siku vijana wanapoitwa kufanya usaili wa kuandika, mitaa inayozunguka ukumbi hujaa wahitimu waliokaa juu ya matofali, kwenye mizizi ya miti, na kwenye ngazi za maduka ambayo hayajafunguliwa, kila mmoja na karatasi zake. Kelele ni ndogo kuliko za msibani. Niliwapita siku moja asubuhi ya Juni, baridi ya Mbeya ikiwa imewakunja mabega, nikaona kwamba wengi wao walikuwa na kitini kilekile, kimetolewa kopi ya kopi hadi herufi zimefifia. Hata maktaba ya mkoa hutumiwa hivyo. Meza zake hujaa, lakini wengi wa waliokaa huja na madaftari yao wenyewe na kuondoka nayo. Wanachohitaji kutoka maktaba ni meza, mwanga na ukimya, na sioni kwa nini tuwalaumu, kwani si kila nyumba ina vitu hivyo vitatu.

Mpaka hapa nimezungumzia macho, na kumbe sehemu kubwa ya usomaji wa huku nimeikuta kwa masikio. Katika benchi la kusubiria hospitalini niliketi karibu na mzee aliyekuwa na kijitabu cha kilimo cha parachichi, zao ambalo sasa limefunika vilima vya Njombe na Rungwe. Alikuwa akipitisha kidole chini ya kila mstari na kutamka kila neno kwa sauti ya chini, kama wanavyosoma wengi wa rika lake waliojifunzia ukubwani. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na miaka iliyofuata watu waliokwisha kuzaa na kuoza walikaa chini ya miembe na kwenye madarasa ya watoto wao jioni, wakijifunza kusoma kwa vitabu vya kilimo na afya. Hiyo ndiyo elimu iliyoitwa kisomo. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo vikundi vilikusanyika kuzunguka redio na kijitabu kimoja, msomaji mmoja akisoma na wengine wakijadili kabla ya kwenda kuchimba vyoo.

Mzee yule alipofika kwenye kipimo cha shimo na umbali wa mche kwa mche, mama aliyekaa upande wake wa pili akamwomba arudie. Akarudia. Kijana aliyekuwa ameegemea ukuta akasema kwamba kwao wamepanda karibu zaidi na miti inasongamana, mzee akarudi ukurasa wa nyuma kutafuta sababu, akaipata, akaisoma. Muuguzi alipomwita jina, kijitabu kilibaki benchini kikisomwa na wale wawili mpaka alipotoka. Ukihesabu vitabu, hapo utaandika kimoja. Ukihesabu walioondoka na maarifa yake, kalamu yako itafanya kazi zaidi, na mimi mwenyewe nimo, ingawa sina hata mche mmoja.

Wanakwaya nao husoma kwa mwili mzima. Ijumaa jioni, magari madogo yanayoshuka kutoka Uyole kwenda Tukuyu na Kyela hubeba watu waliobanana kiasi kwamba macho hayana pa kwenda isipokuwa kwenye karatasi ya jirani, na mara nyingi karatasi hiyo ni ya nota. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na tangu wakati huo uimbaji umekuwa shule ya pili huku kwetu. Mwimbaji huipitia sauti yake kwa vidole juu ya goti, midomo ikisogea bila sauti, na ikitokea kwamba jirani naye ni mwanakwaya wa kanisa jingine, huanza kumsahihisha. Nimeshuhudia ubishi mzito juu ya sauti ya tatu ukianzia Kiwira na kuishia Tukuyu stendi, kati ya watu ambao hawakuwa wameulizana hata majina.

Usomaji wa burudani upo pia, lakini hauko saa ambazo wakaguzi wa utamaduni wetu huwa macho. Umejificha kwa walinzi wa usiku. Pale Uhindini, jijini Mbeya, maduka yakishafungwa, taa za vibarazani hubaki zikiwaka, na chini ya baadhi ya taa hizo kuna mtu mwenye koti zito, kofia ya sufu, jiko la mkaa na kitabu. Mmoja wao nilimzoea kwa kumsalimu kila niliporudi usiku. Kitabu chake hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, na kilikuwa kimevimba kwa unyevu.

“Shikamoo, mzee. Hicho ni kitabu gani?”

“Marahaba, mwanangu. Jina silijui, nimekipata hivihivi. Ila huyu kijana ni Willy Gamba.”

Hakuhitaji kuongeza lolote. Watu wa umri wangu hawawezi kutajiwa Willy Gamba wasimkumbuke marehemu Elvis Musiba, aliyemtuma mpelelezi wake huyo kila alikohitajika, akipambana na maadui wa ukombozi wa Afrika kwa bastola na kwa suti iliyopigwa pasi vizuri. Mzee alinieleza kwamba alisoma riwaya za namna hiyo kwa mara ya kwanza alipokuwa JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, kwa zamu, kila mmoja akipewa usiku mmoja. Aliyechelewa kumaliza alipokonywa. Sasa anakisoma kitabu kisicho na mwanzo, na mwanzo wenyewe ameutunga kichwani. Alinihadithia mwanzo huo nikiwa nimesimama kwenye baridi, na ulikuwa mzuri. Wahakiki wetu walizidharau kazi hizi kwa muda mrefu wakiziita fasihi pendwa kwa midomo iliyobinuka, nami naona zimewafanyia wasomaji jambo ambalo orodha za mitihani hazijawahi kulifanya: zimewafanya wauliziane nani ana nakala.

Wageni husoma tofauti. Iringa hupitiwa na watalii wanaokwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na katika mgahawa mmoja wa katikati ya mji huwakuta wamekaa na vitabu ambavyo majalada yake yako wazi kama mabango. Tangu Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, apewe Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, nimeiona zaidi ya mara moja riwaya yake ya Paradise kwenye meza hizo. Tafsiri yake ya Kiswahili iliyofanywa na Ida Hadjivayanis ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Hiyo sijaikuta mkononi mwa msafiri hata mmoja, na nimeitafuta kwa macho kila pahali. Sisemi hili kwa kulalamika. Nadhani riwaya mpya kwa bei ya dukani husafiri kwa shida katika mkoba wa mtu anayelipa nauli kwa sarafu alizohesabu. Vitabu vya mitumba, kwa upande wake, husafiri kwa wepesi. Mwanjelwa huwa vinatandikwa juu ya turubai, vingine vikiwa bado na mihuri ya maktaba za Uingereza, na James Hadley Chase, mtunzi wa riwaya za uhalifu, anakaa pembeni ya mwongozo wa kutunza paka.

Pahali ambapo nimeona kitabu kikisomwa kwa anasa kamili ni ndani ya treni. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na mtu aliyepanda hana haja ya kujifanya ana haraka. Nikirudi Mbeya safari moja, nilikuwa katika chumba cha wanawake cha daraja la pili, vitanda sita, na msichana wa kitanda cha juu alikuwa na kijitabu cha hadithi ya mapenzi alichonunua Kariakoo. Alianza kukisoma kimyakimya. Mama wa kitanda cha chini akasema kwamba kucheka peke yako ni uchoyo. Basi akashuka, akakisoma kwa sauti, na wote tukasikiliza. Baada ya Mlimba njia hupanda milimani na kupita katika mahandaki mengi. Kila tulipoingia gizani msomaji alinyamaza, na ndani ya giza hilo sisi tulibishana kama yule bwana ataoa au ataponyoka. Tulipofika Makambako hadithi ilikuwa imekwisha, na kijitabu kilikuwa kimeombwa na mtu wa chumba cha pili.

Tabia hiyo ya kuombana ndiyo inayonifanya nisione aibu kubwa kutazama. Gazeti likinunuliwa ndani ya basi huwa la mwenyewe kwa dakika chache tu, kisha ukurasa wa Simba na Yanga huelekea viti vya nyuma na matangazo ya vifo huenda kwa wazee. Kitabu hakigawanyiki hivyo, lakini swali la “unasoma nini?” mara nyingi lina swali jingine tumboni mwake, yaani ukimaliza utanipa? Adabu ninayoifuata ni kutosoma bega kwa bega bila ruhusa, na kutouliza mtu aliyefunika kwa gazeti.

Simu ndiyo iliyonishinda. Mgongo wa simu hausemi lolote: kijana anayeitazama huenda anasoma Shaaban Robert, huenda anatazama matokeo ya kamari. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, taa za ndani huzimwa na kinachobaki ni safu za nyuso zilizomulikwa kwa chini. Nilidhani wengi wanatazama video. Nilipoanza kuuliza, na kwa umri wangu naruhusiwa kuuliza, nikaonyeshwa simulizi zinazogawiwa katika makundi ya WhatsApp, sehemu ya kwanza hadi sehemu ya arobaini na kitu, zikikatika pale pale ambapo mlango umegongwa na hatujui ni nani. Anayetaka mwendelezo hutuma pesa kidogo kwa simu moja kwa moja kwa mtunzi. Lugha yake mara nyingine ina makosa ya herufi yanayoumiza jicho, na mafumanizi ni mengi kupita kiasi. Hata hivyo binti aliyekaa nami kutoka Mafinga alisoma bila kuinua kichwa hadi Ipogolo, akalipia sehemu iliyofuata huku akiteremka, na hakuna mwalimu aliyekuwa nyuma yake.

Haya yote nilimweleza muuza vitabu mmoja wa Iringa, ambaye dukani kwake Januari ni mavuno na miezi mingine ni kiangazi, kwa sababu mnunuzi wake ni mzazi mwenye orodha ya shule. Alinisikiliza, akasema, “Mama, hao wasomaji wako hawaingii humu.” Nilimjibu kwamba hawaingii kwa sababu wako stendi. Baada ya kubishana kwa siku kadhaa alikubali kupeleka riwaya chache za upelelezi, za ukubwa unaoingia mfuko wa koti, kwenye meza ya magazeti ya kijana anayefahamiana naye karibu na mahali mabasi yanaposimama. Ya kwanza ilichukuliwa na dereva wa lori aliyekuwa akielekea Tunduma. Aliomba punguzo, akalipata, kisha akaomba na gazeti la jana la kukifunikia.